Jaketi Laini la Mjukuu

Mzee Breki aliponunua boti alimwambia kila mtu isipokuwa mkewe. Kinyozi alijua, daktari wa meno alijua, na hata Chiriku, mjukuu wao wa miaka mitano ambaye hajawahi kutunza siri ya peremende, alijua na akafunga mdomo wiki nzima. Bi Pindo alikuja kupata habari siku boti yenyewe ilipoletwa juu ya trela ikaziba mlango wa duka lake la ushonaji, bibi harusi aliyekuja kujaribu gauni ikabidi aingilie jikoni.

"Ni ndogo tu," alisema Mzee Breki, akijificha nyuma ya injini.

"Udogo wake nimeuona. Sasa itoe mlangoni."

Hasira za Bi Pindo hazikufika kesho yake. Mumewe alikuwa ameendesha mabasi maisha yake yote, na hilo jina la Breki alipewa na abiria, kwa sababu alijua kusimamisha basi pasipo mtu kumwagikiwa na chai. Tangu astaafu, kazi yake ilikuwa kuhamisha viti sebuleni na kuvirudisha. Boti ilimfufua. Kila jioni alikwenda ziwani, kwenye gati la boti za starehe, akaisugua mpaka mtu angeweza kujitazama ubavuni mwake akafunga kilemba. Mpango ukapangwa: Jumapili ya kwanza ya likizo, familia nzima itazungushwa kile kisiwa kidogo cha katikati.

Ziwa, kwa Bi Pindo, lilikuwa kitu cha kutazamwa kwa mbali. Maji yaliyompita magoti yalimtia kizunguzungu, na alikuwa amezeeka bila kuona haya juu ya hilo. Lakini hakuwa tayari kubaki nyumbani huku mke mwenzake, maana ndivyo alivyomwita Chiriku, akitembezwa na mume wao. Akasema atakwenda, na akaanza kulala vibaya.

Kilichomsumbua zaidi yalikuwa majaketi. Boti ilikuja na majaketi yake ya kuokolea maisha, yale unayovaa ili ukianguka majini uelee. Yalikuwa na rangi ya chungwa iliyopauka, magumu, yananuka petroli. Chiriku alipovalishwa lile dogo lilimkwaruza kidevu, akalia mpaka majirani wakachungulia. Bibi gani angevumilia? Bi Pindo alichukua mkasi akalifumua palepale. Ndani alikuta mabamba meupe mepesi, yanayolia kwi kwi ukiyabana, kama yale yanayokuja na redio mpya ndani ya boksi. Akayaona ni takataka, akayatupa. Alikuwa na sponji nzuri iliyobaki kwenye kazi ya makochi. Akaikata, akaifunika kwa kitambaa cha njano, akatia pindo la buluu na mfuko wa peremende. Chiriku alilivaa siku nzima, na usiku akakataa kulivua.

Kizuri chajiuza. Kinyozi, ambaye alikuwa na kaboti kake pale gatini, aliliona akaomba ya wanawe. Daktari wa meno naye akaagiza ya kwake, yawe ya kijani, yaoane na boti yake. Bi Pindo alishona yote, kichwa kikamvimba kidogo, na kwa kweli ukiiona ile mishono ungemwachia avimbe.

Basi ndipo uongozi wa gati ulipobandika tangazo: hakuna mwenye boti atakayepakia watu kabla ya kuhudhuria darasa la usalama. Mzee Breki alirudi nyumbani mashavu yamejaa.

"Mimi nikasomeshwe usukani? Mimi?"

"Usukani unaujua, mume wangu. Wanataka kukusomesha maji."

"Maji gani nisiyoyajua? Si nayanywa kila siku?"

Bi Pindo aliamua kufuatana naye, kwa sababu moja tu: mumewe akikalia kiti cha plastiki husinzia. Darasa lilikuwa la mumewe. Yeye alikwenda kumfinya.

Lilifanyika Jumamosi, ndani ya bohari ya kutengenezea boti. Kamba zilining'inia ukutani, sakafu ilikuwa na madoa ya rangi za kila aina, na ubao wa kuandikia ulisimamishwa juu ya madebe mawili. Mwalimu alikuwa binti mfupi mwenye filimbi shingoni, umri wa kitinda mimba wao. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye boti ya uokoaji, na sauti yake ilizoea kushindana na injini. Aliwaamkia wazee kwa heshima zote, kisha akawachapa kwa maswali bila huruma.

"Baba, uko kwenye boti, unakwenda mbio. Mbele yako anaibuka mtu anaogelea. Utafanya nini?"

"Nakanyaga breki," alisema Mzee Breki, bila hata kufikiri.

"Iko wapi?"

Mzee Breki alifungua kinywa. Akatazama mguu wake wa kulia, akakifunga. Kinyozi alicheka hadi kiti kikamtupa.

"Boti haina breki, baba," alisema mwalimu. "Ukishaondoa mkono kwenye mafuta, yenyewe bado inakwenda. Ndiyo maana nimekuita leo, nisije nikakuita siku nyingine kwa jambo jingine."

Asubuhi ile Bi Pindo hakupata nafasi ya kumfinya mtu. Mzee alikuwa macho kabisa. Alitaka kujua kwa nini dereva anafungwa mkononi kamba ya kuzimia injini, akaambiwa ni ili akianguka injini izimike, boti isimgeukie yeye mwenyewe. Alitaka kujua kwa nini aage mtu wa nchi kavu aseme anakwenda wapi na anarudi saa ngapi. "Ili usiporudi," mwalimu akamjibu, "tujue pa kuanzia." Hapo hata kinyozi hakucheka. Walipokwenda kwenye mazoezi, Mzee Breki aliileta boti gatini vizuri sana, isipokuwa mguu wa kulia ulikuwa ukikanyaga sakafu mfululizo. Boti ikaenda kubusu matairi yaliyotundikwa kwenye nguzo, na waliomo wote wakayumba mbele.

"Breki zimekufa, mzee," alisema kinyozi.

"Zimezaliwa upya. Ngoja uone."

Kabla ya chakula mwalimu aliagiza kila mtu alete jaketi lake, alifunge kwa kamba gatini na kulitupa majini. Wakirudi kula watayakagua. Jaketi kuukuu, alisema, laweza kuwa zuri kwa nje na ndani limekwisha. Majaketi yakarushwa, pwaa, pwaa. Kinyozi na daktari walikuja mikono mitupu.

"Yetu kashona Bi Pindo," daktari alieleza. "Yale ni ya kutokea, mwalimu. Hayatupwi majini hivihivi."

Mwalimu akamgeukia Bi Pindo, ambaye alikuja na lile la Chiriku, kusema kweli, ili lisifiwe. Akaligeuza huku na huku.

"Mshono safi sana, mama. Ila mimi mshono siujui. Wacha maji yaseme."

Likatupwa. Likakaa juu ya maji kuliko yote, la njano, limetuna kama bata. Watu wakapiga makofi, na Bi Pindo akaenda kula akiwa amevishwa kilemba, hajui kama ni cha hariri au cha ukoka.

Alikula haraka. Jua lilikuwa kali, na kitambaa cha njano hupauka upesi, kwa hiyo alitaka kulianua kabla rangi haijaharibika. Alifika gatini peke yake. Majaketi ya watu yalikuwa palepale yakicheza na mawimbi, mabaya, yamechakaa, yanaelea. Lake hakuliona.

Kwanza alidhani limeibwa, akakasirika. Kisha akaiona kamba yake. Ilikuwa imenyooka kwenda chini.

Alipiga magoti akaivuta. Ilikuwa nzito, nzito kama blanketi lililolowekwa, ikabidi aizungushe mkononi na kuegemea nyuma. Jaketi lilitoka majini likimwaga mito kila upande. Pindo la buluu lilikuwa limekaa sawasawa, hakuna uzi hata mmoja uliofumuka. Alibonyeza kifuani, maji yakamrukia usoni.

Sponji. Kila siku iendayo kwa Mungu anaosha vyombo kwa sponji. Anaipenda kwa sababu inakunywa maji na kuyashika. Alijua hilo tangu utotoni, na mikono yake ilikuwa imekata, imepima, imeshona, na siku zote hizo hakuna aliyeiuliza mikono hiyo swali hata moja, wala yeye mwenyewe. Alikuwa ameliuliza jaketi kama ni laini. Alikuwa ameliuliza kama linapendeza. Akamwona Chiriku wake, kesho, katikati ya ziwa, amevaa gauni lake jipya na juu yake sponji hii, na roho ikamruka hata akashika nguzo kwa mikono miwili. Mcha mwana kulia hulia mwenyewe. Alikuwa ameusema msemo huo kwa mabinti zake mara nyingi mno, akidhani ni wa kina mama wengine.

Mzee Breki alimkuta hapo, sahani mkononi. Hakuhitaji kuelezwa. Alilitazama jaketi, akatazama bohari watu walikokuwa wakicheka, akaweka sahani chini.

"Likamue," alisema kwa sauti ya chini. "Lianike pale nyuma. Mwalimu akiuliza, nitasema nimeliondoa mimi."

"Utasema hivyo?"

"Mama watoto, mji mzima unakuita fundi. Leo asubuhi nimechekwa mimi, nimezoea, mimi ni mtu wa abiria. Wewe hujazoea. Jioni tutapita kwa kinyozi na kwa daktari kimyakimya, tuwaambie unataka kubadilisha vifungo. Nani atajua?"

Ilikuwa njia, tena ilikuwa ya mapenzi, na Bi Pindo alimpenda mumewe pale kuliko siku aliyoposwa. Akaanza hata kukamua. Maji yalitoka, yakatoka, hayakwisha. Aliwaza watu wa duka lake, wale wanaovuka barabara mbili kuja kwake kwa sababu akisema nguo imekwisha, imekwisha. Kisha akaacha kukamua.

"Na kama leo jioni daktari hatumkuti?" aliuliza. "Kama kesho alfajiri ameshawapakia wanawe, na sisi tunatafuta kumwambia habari za vifungo?"

Mzee Breki aliinama. Alimwinua, akamfutia maji usoni kwa leso yake.

"Twende basi," alisema. "Mficha uchi hazai."

"Mimi nimeshazaa watano. Nishikie kandambili."

Aliingia bohari peku akilikumbatia jaketi, linamwaga maji tangu mlangoni hadi mbele. Alipita katikati ya viti, akalibwaga juu ya meza ya mwalimu. Lilitua kwa kishindo cha nyama buchani.

"Limezama," alisema Bi Pindo. Akajikaza kisabuni. "Nimelitengeneza mwenyewe. Nimetoa vile vya ndani vinavyoelea, nikatia sponji ya makochi. Na yale ya daktari, na ya kinyozi, yote ni hayahaya. Naomba msiwavalishe watoto. Naomba sana."

Kinyozi alianza kucheka, kwa mazoea. Kicheko kikamkauka katikati. Daktari alikuwa ameshasimama, simu sikioni, anatoka nje. Walimsikia akiuliza watoto wako wapi, akauliza tena. Aliporudi alikaa kama mtu aliyetua mzigo.

"Wako sebuleni," alisema. "Wameyavaa. Wanaruka kutoka kwenye kochi."

"Kwa kochi yatawafaa," alisema Bi Pindo, "ni sponji ya kochi." Hakukusudia kuchekesha. Lakini bohari nzima ililipuka, daktari wa kwanza, machozi yakimtoka, na hata Bi Pindo akajikuta anacheka, huku analia, huku anajifuta kwa ncha ya khanga.

Alitaka kwenda kukaa. Mwalimu akamzuia.

"Usikae, mama. Nina miaka natafuta namna ya kuwaambia watu hili, na hawanisikii. Waeleze wewe. Uliona nini ulipolifumua?"

Bi Pindo akaeleza. Alieleza mabamba meupe, namna yalivyolia kwi kwi, namna alivyoyadharau. Alilipasua jaketi lake mbele ya watu, kwa mkasi alioutoa mkobani, akawapitishia sponji waikamue kwa mikono yao. Mwalimu akapasua jaketi bovu la zamani, akapitisha mabamba yake. Walibonyeza, walinusa, waliuliza. Daktari alitaka kujua kama jaketi lililokaa juani miaka mingi laweza kuharibika bila kuonekana, na mwalimu akamwambia ndiyo, na kwamba kila mwanzo wa msimu lipimwe majini. Hakuna aliyesinzia. Hapo ndipo Bi Pindo alipofahamu kwamba tangu asubuhi alikuwa amekaa darasani kama mlinzi wa mwanafunzi, na mwanafunzi alikuwa yeye.

Jioni Mzee Breki aliulizwa swali la mwisho, akitaka kusimamisha boti afanyeje.

"Naanza kusimama kabla sijataka," alisema. Mwalimu alimpa mkono.

Majaketi mapya walinunua siku hiyohiyo, kwenye duka alilowaelekeza mwalimu. Yalikuwa ya rangi ya chungwa, yenye mhuri wa ukaguzi, magumu kama yale ya kwanza. Usiku Bi Pindo aliyapanga juu ya meza ya kukatia nguo, akayabonyeza moja moja. Mhuri aliuona, lakini yeye alikuwa mtu wa mikono, na mikono yake hakuiamini tena. Mkasi ulikuwa hapo karibu. Hakuugusa.

Asubuhi ya Jumapili gati lilijaa vikapu na watoto. Mzee Breki alimuaga mlinzi wa gati rasmi, akamweleza njia, kisiwa na saa ya kurudi, kwa sauti ya kusikiwa na mji. Mama yake Chiriku alikuwa ameshapanda. Aliyebaki ni Chiriku mwenyewe, amesimama kwenye mbao, mikono nyuma, hataki.

"Hili baya," alisema. "Linachoma hapa. Nataka la bibi."

"La bibi limeharibika, mwanangu," mama yake alisema.

"Bibi atanishonea jingine. Tumngoje."

"Mvalishe kwa nguvu," alisema Mzee Breki, "jua linapanda."

Mtoto akaanza kutetemesha mdomo. Bi Pindo alikijua kile kilio kinachokuja, na alijua kilimfanyia nini mara ya kwanza. Akachukua jaketi la chungwa la kwake, akalivaa juu ya gauni. Akafunga kifungo cha juu, cha kati, cha chini. Akamwambia mumewe amshike mabegani alivute juu kwa nguvu, kama walivyofundishwa, aone kama litamtoka kichwani. Halikutoka. Kisha akavua kandambili, akaenda kwenye ngazi za mawe zilizoshuka majini, upande wa maji tulivu.

"Unakwenda wapi?" Mzee Breki aliuliza.

Alishuka. Maji yalimfika magoti, kizunguzungu kikaja kwa wakati wake. Akamwita Mungu, akashuka tena. Ngazi ziliisha, mguu ukatafuta chini ukakosa, na Bi Pindo, ambaye hajapata kuoga hata kwenye beseni kubwa, akazama mpaka kidevuni. Hapo jaketi likamkamata. Lilimkwaruza shingo, likambana kwapani, likampandisha juu kwa ubishi mtupu. Gauni lilimtuna pembeni.

Chiriku alikuwa amelala kifudifudi kwenye mbao, anachungulia.

"Bibi, unaelea."

"Naelea, mke mwenzangu."

"Linachoma?"

"Linachoma sana."

Mtoto alifikiri. Mzee Breki alikuwa ameshuka ngazi mbili, viatu vyote majini, mkono ameunyoosha, lakini Bi Pindo hakuushika.

"Na lile langu la njano," aliuliza Chiriku, "lingeelea?"

Angeweza kusema lolote. Mama yake Chiriku alitikisa kichwa kule botini, kumwomba asimtishe mtoto siku ya furaha.

"Hapana," alisema Bi Pindo. "Lingeelea kidogo, halafu lingezama na wewe ndani. Bibi alikosea."

Chiriku alimtazama bibi yake muda mrefu, kichwa, kitambaa chake na lile jaketi la chungwa linalopanda na kushuka. Kisha akainuka, akapangusa magoti, akamgeukia babu yake na kuinua mikono yote miwili juu.

"Nivalishe hilo baya," alisema. "Na kifungo cha chini pia."